Nibebe dola au metikali? Namna pesa inavyoliwa njiani unaposafiri nje ya nchi

Msafiri wa Mtwara anayejiandaa kuvuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji huwa na swali moja kabla ya mengine yote: nibebe dola, nitafute metikali, pesa ya kule, hukuhuku, au niende na shilingi zangu nikabadilishe nikifika? Anayempeleka mzazi India kwa matibabu ana swali hilohilo, na hujaji wa Lindi naye analo. Majibu wanayopewa mtaani yanapingana, kwa sababu kila anayejibu anasimulia safari yake mwenyewe. Jibu lenyewe linategemea jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu: pesa yako itabadilishwa mara ngapi kabla ya kufika mkononi mwa unayemlipa. Kila inapobadilishwa inaliwa kidogo, na sehemu kubwa ya kinacholiwa haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Ubao wenye bei mbili

Ingia benki yoyote Mtwara mjini utazame ubao wa bei za fedha za kigeni. Kila sarafu ina bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Wengi huzichanganya, kwa hiyo tulinyooshe: maneno hayo yanatoka upande wa benki. "Kununua" ni bei ambayo benki inanunua dola kwako, na "kuuza" ni bei ambayo benki inakuuzia wewe. Ukienda safari unatazama kuuza. Ukirudi na chenji mkononi unatazama kununua. Bei ya kuuza iko juu daima, na pengo kati ya hizo mbili ndilo pato la anayekubadilishia.

Ndiyo maana tangazo la "hatutozi ada ya kubadili" halikuambii kitu. Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kimagendo, naye hatozi ada yoyote. Faida yake imo ndani ya bakuli analopimia korosho zako. Pima pengo, usipime ada.

Tufanye hesabu moja polepole, kwa bei za mfano. Tuseme dola inanunuliwa kwa shilingi 2,550 na kuuzwa kwa 2,620. Una shilingi milioni mbili. Kwa bei ya kuuza unapata dola 763 na chenji kidogo. Safari ikiahirishwa siku hiyohiyo ukarudi dirishani, dola hizo zitanunuliwa kwa shilingi 1,945,650. Umepoteza zaidi ya shilingi 53,000 na hujatoka hata nje ya mji.

Sasa vuka. Nchini Msumbiji, kwa miaka kadhaa bei rasmi ya dola imekuwa ikizunguka metikali 64. Wewe hutapewa 64, kwa sababu na huko kuna pengo. Tuseme unapewa 62. Dola zako 763 zinakuwa metikali 47,306. Kama pesa yako ingehesabiwa kwa bei ya katikati pande zote mbili, yaani 2,585 huku na 64 kule, bila mtu yeyote kula pengo, ungepata karibu metikali 49,500. Tofauti ni kama metikali 2,200, yaani karibu shilingi 89,000, na hapo hujaibiwa wala kudanganywa na yeyote. Umebadilisha mara mbili tu: shilingi kwenda dola, dola kwenda metikali.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayojibu swali la mwanzo. Gawanya shilingi milioni mbili kwa metikali 47,306 utapata 42 na ushee. Kwa bei za mfano huu, ukipata mahali halali panapokuuzia metikali moja kwa shilingi 42, nunua hapo moja kwa moja, utapata 47,619 na utakuwa umeiruka dola kabisa. Wakikuambia 43, utaondoka na 46,511, na njia ya dola inakuwa nafuu licha ya kubadilisha mara mbili. Siku ya safari weka bei halisi za siku hiyo, nawe utajua mwenyewe bila kuuliza mtu. Bei rasmi hutolewa kila siku ya kazi na Benki Kuu kwenye tovuti yake. Hiyo si bei utakayouziwa, lakini ni kipimo cha kujua umbali wa anayekuuzia na bei ya kweli.

Nimesema mahali halali kwa makusudi. Wabadilishaji wa kuvizia vivukoni wanajulikana, na mara nyingine bei yao inavutia kweli. Lakini biashara ya kubadili fedha bila leseni ya Benki Kuu ni kosa kwa sheria zetu, na ukipewa noti bandia au ukahesabiwa pungufu huna risiti, huna dirisha la kurudi, na kivuko kinaondoka. Mtu aliyevuka na mtaji wote wa samaki hapaswi kuuweka rehani kwa ajili ya nafuu ya shilingi moja kwa kila metikali.

Dola nazo zina sura zake

Ukiamua kubeba dola, zitazame noti moja moja kabla ya kuondoka dirishani. Serikali ya Marekani inasema noti zake zote za zamani bado ni halali, lakini wabadilishaji wa huku Afrika na sehemu nyingi za Asia hawajali kauli hiyo. Noti yenye picha ndogo ya kichwa, ya kabla ya 1996, itakataliwa karibu kila mahali. Wapo wanaokataa hata za kabla ya 2006 au 2009. Noti ya dola 100 iliyo salama zaidi ni ile yenye mstari mpana wa bluu katikati, iliyoanza kutolewa Oktoba 2013. Iliyochanika pembeni, iliyoandikwa kwa kalamu au kupigwa mhuri irudishe hapohapo. Noti za 100 na 50 kwa kawaida hupewa bei nzuri kuliko za 5, 10 na 20, kwa hiyo beba kubwa kwa ajili ya kubadilisha na ndogo chache kwa dharura za njiani.

Upande wa metikali, kumbuka kwamba Msumbiji iliondoa sufuri tatu kwenye sarafu yake tarehe 1 Julai 2006, na mwaka 2024 ikatoa toleo jipya la noti na sarafu. Mzee akikuachia bulungutu la metikali alilorudi nalo miaka ya tisini, hilo ni kumbukumbu ya ukoo, si nauli.

M-Pesa ya ng'ambo si M-Pesa yako

Hapa ndipo ndugu zetu wengi wanapokwama. Vuka kwa kivuko cha Kilambo, au zunguka Mtambaswala upite Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, na upande wa pili utakuta jina la M-Pesa. Mtu anaona jina analolifahamu, anapumua, anamfuata wakala, kisha anaambiwa haiwezekani.

Sababu ni hii. Pesa unayoiona kwenye simu yako ni salio la shilingi ambalo nyuma yake kuna shilingi halisi zilizowekwa katika akaunti maalumu za mabenki hapa Tanzania, chini ya usimamizi wa Benki Kuu yetu. M-Pesa ya Msumbiji, iliyoanza mwaka 2013, ni salio la metikali ambalo nyuma yake kuna metikali ndani ya mabenki ya kule, chini ya Benki Kuu yao. Jina ni moja, vitabu vya hesabu ni viwili. Wakala wa Pemba, ule mji wa Msumbiji, hana namna ya kukata salio lililo kwenye kitabu cha Dar es Salaam, mpaka kampuni na benki za pande zote mbili ziwe na makubaliano ya kulipana na bei ya kubadilishia. Makubaliano ya namna hiyo yapo kwa Kenya: tangu 2015 mtu wa M-Pesa Tanzania anaweza kumtumia mwenzake wa M-Pesa Kenya, na mpokeaji anapata shilingi za Kenya. Unapojaribu kutuma nje kwa simu, menyu itakuonyesha kiasi atakachopokea mwenzako kabla hujaweka namba ya siri. Usikimbilie kubonyeza. Gawanya ulichotuma kwa atakachopokea, ulinganishe na bei ya Benki Kuu. Pengo limejificha humo, na makato yanayotajwa ni sehemu yake tu.

Kuhusu Cabo Delgado yenyewe, jimbo la Msumbiji unaloingia ukivuka Ruvuma, niseme wazi. Tangu mashambulizi yaanze Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021 na mabenki yake kuvamiwa, si busara kuvuka huku ukitegemea kwamba utakuta ATM njiani. Panga safari yako kama vile hakuna mashine yoyote kabla ya mji mkubwa, na usitembee na pesa kuliko unayoihitaji. Taarifa za usalama za siku hiyo zina uzito kuliko bei yoyote ya metikali.

Kadi ya benki: makato manne yaliyopandiana

Mkulima wa korosho hulipwa kwa akaunti ya benki baada ya mnada, kwa hiyo watu wengi wa Mtwara na Lindi wana kadi, hata wale wasiowahi kuitumia nje ya wilaya. Geuza kadi yako uitazame. Kama haina nembo ya mtandao wa kimataifa kama Visa au Mastercard, haitafanya kazi nje. Kama inayo, bado benki inaweza kuwa imeifunga kwa matumizi ya nje mpaka uombe ifunguliwe. Nenda tawini kabla ya safari, uwaambie nchi unazokwenda na tarehe.

Ukitoa pesa kwenye ATM ya nje kwa kadi ya akaunti ya shilingi, kuna vitu vinne vinavyoweza kukatwa. Mwenye mashine anaweza kutoza ada yake. Mtandao wa kadi unabadilisha sarafu kwa bei yake, ambayo kwa kawaida iko karibu na bei ya soko. Benki yako inaongeza asilimia fulani juu ya bei hiyo. Kisha benki hiyohiyo inakata ada ya kutoa pesa nje, ambayo mara nyingi haibadiliki, utoe kidogo au kingi. Ndiyo maana kutoa kidogo kidogo mara tano ni ghali kuliko kutoa mara moja. Iulize benki yako maswali matatu, uandike majibu: mnaongeza asilimia ngapi kwenye sarafu ya kigeni, ada ya ATM ya nje ni kiasi gani, na kikomo changu kwa siku ni kiasi gani. Ukikuta asilimia ni ndogo, kadi inaweza kushinda dirisha la kubadilisha pamoja na makato yake yote.

Lakini kuna mtego mmoja unaoifuta nafuu hiyo yote, na umewekwa kwa upole sana. Uko dukani Dubai, umechagua mzigo wa dirham 400. Muuzaji anaingiza kadi, kisha anakugeuzia mashine. Kwenye kioo kuna vitufe viwili: AED 400.00 na, tuseme, TZS 305,000. Muuzaji anakuambia kwa tabasamu, "Dada, bonyeza shilingi, pesa ya kwenu, ujue unalipa ngapi." Ushauri huo unaonekana wa kirafiki. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, kwa hiyo dirham 400 ni kama dola 109, na kwa dola ya shilingi 2,620 hiyo ni takriban shilingi 285,000. Hata benki yako ikiongeza asilimia tatu, haifiki 295,000. Zile elfu kumi na zaidi zilizobaki zinakwenda kwa kampuni ya mashine, na mara nyingi muuzaji naye ana fungu lake. Bonyeza dirham. Kwenye ATM mtego huu huja kama swali: unakubali au unakataa bei ya kubadilishia? Kukataa hakufuti muamala. Pesa inatoka vilevile, ila anayeibadilisha ni mtandao wa kadi yako. Nchi yoyote uendayo, lipa kwa sarafu ya nchi hiyo.

Jambo jingine ni laini ya simu. Ukifika ugenini unanunua laini ya kule, unaichomoa ya Tanzania na kuitia mfukoni. Siku mbili baadaye unalipia kitu mtandaoni, benki inatuma namba ya uthibitisho kwa SMS, na SMS inakwenda kwenye laini iliyolala mfukoni. Malipo yanagoma, unajaribu tena, mfumo unashuku wizi na kuifunga kadi. Kama simu yako ina sehemu mbili za laini, iache ya nyumbani mahali pake ikiwa imewezeshwa kupokea ujumbe nje ya nchi, uzime data yake isile salio. Kama ina sehemu moja, beba kitochi cha pili kwa kazi hiyo tu. Na usitegemee menyu ya *150*00# ugenini. Pakua programu ya mtandao wako, uingie na uijaribu ukiwa bado nyumbani.

Chagua sarafu kwa kutazama imefungwa wapi

Dola si jibu la kila safari. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu 1986, hivyo hujaji mwenye dola anaweza kupima dirisha lolote la Makka kwa hesabu ya kichwani: kila mia moja inapaswa kukaribia riyali 375. Akipewa 355 aende dirisha la pili. Oman nayo imejifunga kwenye dola. Lakini Comoro, jirani yetu wa baharini, faranga yake imefungwa kwenye yuro: yuro moja ni faranga 491.97 hivi. Mfanyabiashara anayekwenda Moroni na dola anajiongezea mzunguko bure, maana huko kipimo cha kila kitu ni yuro. Atafute yuro kabla ya kuondoka.

China ni habari nyingine kabisa. Guangzhou na Yiwu, mpaka muuza maji barabarani ana picha ya msimbo wa kuskani, na kulipa kwa noti kunasumbua pande zote mbili. Tangu 2023, programu za simu za kulipia, Alipay na WeChat, zinakubali kwa mapana kadi za kimataifa za wageni. Malipo ya chini ya yuan 200 hayana ada ya ziada, ya juu yake yanatozwa asilimia 3. Ujue hilo, kwa sababu asilimia hiyo inakaa juu ya ile ya benki yako. Sajili programu hizo ukiwa bado Mtwara, kwa pasi ya kusafiria na laini inayopokea SMS. Mzigo mkubwa usiulipie kwa njia hii. Huo ni wa kuhamisha benki kwa benki, kwa jina la kampuni lililo kwenye ankara.

Msimbo wa malipo wa India unafanana kwa macho, lakini kwa kawaida umefungwa kwenye akaunti za mabenki ya India, hivyo mgeni awe na rupia za noti kwa matumizi madogo. Usipokee noti ya rupia 2,000, iliondolewa kwenye mzunguko Mei 2023, wala zile za zamani za 500 na 1,000 zilizofutwa Novemba 2016.

Gharama ya hospitali yenyewe ni bora itumwe na benki moja kwa moja, na hapa kuna kipengele kimoja kwenye fomu kinachosababisha machungu yasiyo ya lazima. Utaulizwa ada zilipwe na nani: mtumaji zote, kila upande zake, au mpokeaji. Pesa ikitoka Tanzania hupitia benki moja au mbili za kati, na kila moja inaweza kukata chake humohumo. Ukichagua kila upande zake, hospitali iliyodai dola 4,000 inaweza kupokea pungufu, na mgonjwa amekwisha kufika mapokezi anaambiwa hajakamilisha malipo. Chagua mtumaji alipe zote. Inakugharimu zaidi siku hiyo, lakini kinachofika kinalingana na ankara. Chukua karatasi ya uthibitisho wa kutuma, yenye namba ya muamala, uende nayo.

Ukibeba taslimu, ujue mipaka. Kuingia au kutoka Tanzania na fedha inayofikia dola 10,000 au zaidi, kwa sarafu yoyote, lazima uitamkie forodha. India inakutaka utamke noti za kigeni zikizidi dola 5,000. Kutamka si kulipa kodi, unajaza fomu na kupita. Kutotamka ndiko kunakofanya pesa halali ya mnada wa korosho ishikiliwe kama pesa ya wizi. Beba na risiti ya benki uliyoinunulia dola, na uzigawe: kiasi kidogo kwenye pochi, kingi kibindoni, na kadi ya pili kwenye mzigo usio wa pesa, ili likipotea moja usilale njaa.

Ukirudi, usizirundike chenji ukidhani utazitumia madukani. Kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo metikali na dola zako ni za kupeleka benki au duka lenye leseni. Sarafu za chuma hazibadilishwi karibu popote. Zimalize kulekule kwa maji na nauli.

Kisha fungua taarifa ya akaunti yako uisome mstari kwa mstari, na uisome tena baada ya wiki mbili, kwa sababu makato mengine ya nje huchelewa kutokea. Ukikuta ATM ya ugenini ilikata pesa bila kutoa noti, usihangaike kuitafuta benki yenye mashine. Anayewajibika kwako ni benki iliyokupa kadi. Peleka tarehe, saa, mji, kiasi, na karatasi ya mashine kama ulipewa, udai kwa maandishi na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na ina tawi hapahapa Mtwara mjini. Dawati hilo litakuuliza kwanza kama ulilalamika kwenye benki yako, na nakala ile yenye mhuri ndiyo jibu lako.